Si kila uvimbe wa neva ya jicho ni ishara ya hatari ubongoni

MTOTO wa miaka kumi anapelekwa kupimwa miwani kwa sababu hasomi vizuri maandishi ya ubaoni. Daktari anapomulika ndani ya jicho, anakuta mahali neva ya jicho inapoanzia pameinuka na kingo zake hazionekani sawasawa. Tangu hapo, safari ya kutafuta miwani yaweza kugeuka kuwa safari ya kupigwa picha za ubongo na kuchomwa sindano ya mgongo.

Hofu ya daktari huyo ina msingi. Neva ya jicho imezungukwa na maji yale yale yanayouzunguka ubongo. Shinikizo ndani ya fuvu linapopanda, iwe kwa sababu ya uvimbe ubongoni, maji kujaa kichwani au homa ya uti wa mgongo, nguvu yake hufika hadi nyuma ya jicho na kukivimbisha kichwa cha neva. Hali hiyo huitwa papiledema. Ikipuuzwa huweza kuleta upofu, na chanzo chake huweza kuua.

Hata hivyo, wapo watu ambao kichwa cha neva yao kimeinuka bila shinikizo lolote ubongoni. Sababu inayofahamika zaidi ni druseni, yaani vijiwe vidogo vya masalia ya neva yaliyojaa kalsiamu, ambavyo hupatikana kwa takriban watu wawili katika kila mia moja. Kwa mtu mzima huonekana kama punje za manjano. Kwa mtoto huwa vimefukiwa chini, hivyo daktari huona kilima tu bila kujua kilichomo ndani.

Tangu Mjerumani Hermann von Helmholtz alipotangaza kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, tatizo limekuwa ni hilo hilo: kuona juu tu. Mwaka 1991 kundi la watafiti wa Marekani, wakiwamo David Huang na James Fujimoto, lilieleza njia ya kupiga picha za kina kwa kutumia mwanga, ambayo leo hujulikana kwa kifupi kama OCT. Mwanga hafifu usioumiza hugawanywa sehemu mbili, moja ikaingia jichoni na nyingine ikagonga kioo. Zinaporudi na kukutana, kompyuta hutambua kila tabaka lilikuwa umbali gani. Mashine za kisasa hutenganisha matabaka yanayopishana kwa maikroni 5 hivi, wakati unywele mmoja una unene wa maikroni 70 au zaidi.

Ni katika picha hizo ambamo kiliibuka kitu kingine. Pembezoni mwa kichwa cha neva, chini ya tabaka la nyuzi za neva, kulionekana maumbo meupe kama yai. Yakitazamwa kwa pande zote, mengi hukizunguka kichwa cha neva mithili ya kata ya kubebea ndoo kichwani, ingawa pengine huwa ni kipande tu cha duara hilo. Kwa miaka kadhaa baadhi ya wataalamu waliyahesabu kuwa druseni zilizofukiwa. Mwaka 2018 muungano wa kimataifa wa watafiti wa druseni ulitoa mwongozo kuwa yasihesabiwe hivyo, nayo yakapewa jina ambalo kwa kifupi ni PHOMS. Jina lake kamili ni refu kiasi kwamba hata madaktari hawapendi kulitamka.

Tofauti si ya jina tu. Katika picha ya OCT, druseni huwa na kiini cheusi chenye ukingo unaong'aa, wakati PHOMS huwa nyeupe ndani kote. Druseni yenye kalsiamu hung'aa katika ultrasaundi, ambapo PHOMS hazina cha kung'aa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba PHOMS ni nyuzi za neva zenyewe. Ndani ya kila uzi hupita utomvu unaosafirisha mahitaji ya seli. Usafiri huo unapokwama, nyuzi hutuna na kusukumwa pembeni, zikaingia katika eneo la retina.

Hapo ndipo penye mtego. Nyuzi zaweza kukwama kwa sababu ya papiledema, kwa druseni zilizobanana, au kwa sababu tu neva imeingia jichoni kwa mshazari, jambo la kawaida kwa watoto wasioona mbali. Watafiti wa Copenhagen, Denmark, walizikuta PHOMS hata kwa watoto wenye afya njema. Kwa hiyo kuziona hakuthibitishi ugonjwa wala hakuuondoi. Daktari anayemtuliza mzazi kwa kuziona PHOMS peke yake amekosea sawa na yule anayemtisha.

Kinachoamua ni mambo mengine: maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi au mtu anapolala, kutapika, giza la ghafla la sekunde chache machoni, kuona vitu viwili viwili, au mvumo masikioni unaofuata mapigo ya moyo. Mwenye dalili hizo hasubiri. Asiye nazo hupigwa picha tena baada ya wiki kadhaa, kwani uvimbe wa kweli hubadilika ilhali umbile la kuzaliwa hubaki lilivyo.

Mashine ya OCT ni ghali, na hospitali nyingi hazina. Utafiti uliofanyika Nakuru, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa hata mtu asiye daktari, akitumia simu iliyofungwa kifaa maalumu, aliweza kupiga picha za kichwa cha neva zenye ubora wa kutumiwa na wataalamu. Picha hizo bado huonyesha juu tu. Lakini mashine ya ultrasaundi ipo katika hospitali nyingi zaidi, na kwa druseni zilizokwisha kuwa ngumu, dakika chache juu ya kope lililofumbwa zaweza kumwondolea mgonjwa sindano ya mgongo.