Je, Wajua? Anjera Hupikwa Upande Mmoja Tu

Anjera haigeuzwi. Huko Kutulo, kwenye barabara ya Wajir kwenda Elwak, ndicho kifungua kinywa cha nyumba nyingi za Wasomali, nao huiandika canjeero. Ni ndugu wa injera ya Ethiopia, ila ni ndogo na nyepesi zaidi.

Injera asilia hutokana na tefu, nafaka ndogo mno: punje moja ya ngano ina uzito wa punje 100 za tefu au zaidi. Unga wake huchachuka kwa siku mbili tatu. Kwa Wasomali, unga wa ngano huchanganywa na wa mahindi au mtama, ukatiwa hamira na maji, ukapigwa kwa mkono mpaka ulainike, kisha ukalala usiku kucha. Asubuhi umeumuka, una povu na harufu ya uchachu.

Hapo ndipo penye ufundi. Mpishi humimina upawa mmoja katikati ya chuma cha moto, kisha kwa kitako cha upawa huuzungusha unga kutoka ndani kwenda nje, mduara juu ya mduara. Hewa ya chachu hupanda na kupasua vitundu tele. Waethiopia huviita macho. Akishafunika, mvuke humalizia upande wa juu.

Vitundu hivyo si pambo. Ndivyo vinavyonyonya samli, sukari na chai ya maziwa. Anjera isiyo na vitundu, kwangu mimi, haijaiva ipasavyo.