Punje Kumi Ndani ya Gunia

Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za mashariki mwa Kenya zilizika watu 125. Walikuwa wamekula mahindi yaliyohifadhiwa kabla hayajakauka vizuri, nayo kuvu aina ya Aspergillus flavus ilikuwa imetengeneza humo aflatoksini, ambayo Watanzania huiita sumukuvu. Moto wa ugali hauiondoi. Ikiwa nyingi, huliharibu ini upesi. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini.

Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 tu kwa kilo. Gunia la kilo 90, basi, halitakiwi kufikisha hata miligramu moja. Ugumu ni kwamba sumu hii haienei sawasawa. Punje nyingi huwa safi kabisa, ilhali punje moja mbovu imewahi kupimwa ikakutwa na kiwango cha mikrogramu 400,000 kwa kilo. Punje kumi za namna hiyo zinatosha kulivusha gunia zima kiwango hicho cha Afrika Mashariki. Anayechoma bambo mara moja pembeni mwa lori anaweza kuzikosa zote, kisha mashine ya bei kubwa ikampa jibu zuri lisilo la kweli.

Kwa hiyo naamini kazi kubwa ya chuo kikuu katika jambo hili ni kufundisha mikono. Kupitia mpango wa APTECA, Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambacho jimbo lake linasumbuliwa na sumu hiyohiyo, kilishirikiana na wenye viwanda vya unga nchini Kenya. Wafanyakazi hujifunza kuchota sampuli sehemu nyingi za shehena, kuisaga laini na kuichanganya vema kabla ya kupima. Kisha kiwanda huletewa unga ambao kiwango chake cha sumu tayari kinajulikana. Jibu lake likienda kombo, kosa hutafutwa: mizani, kimiminika, au mkono uliopima. Mkaguzi afikaye mara moja moja hawezi kutoa mafunzo ya namna hii.

Lakini lori lililokataliwa getini mwa kiwanda halipotei. Huenda kumtafuta mnunuzi asiyepima. Na debe linalopelekwa kwenye kinu cha posho halipimwi na yeyote. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 20 walikufa kwa sumu hii, na chanzo kilikuwa mahindi ya majumbani.

Familia zinazokula mahindi ya namna hiyo zinahitaji utafiti unaofika shambani. Mwanasayansi Peter Cotty, aliyefanya kazi Chuo Kikuu cha Arizona, alionyesha kwamba ziko jamii za kuvu hiyohiyo zisizotengeneza sumu, na zikitangulia shambani huzisukuma kando zenye sumu. Ndiyo asili ya Aflasafe, iliyoendelezwa Afrika na taasisi ya IITA: mbegu za mtama zilizopakwa kuvu salama, ambazo mkulima huzimwaga kwa mkono, udongo ukiwa na unyevu, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi hayajatoa mbelewele.