Kura za kupigiwa hodi

Mlango wa nyumba ya Kiingereza una tundu la kupitishia barua. Tundu lenyewe lina kifuniko chenye springi kali, kwa ndani mara nyingi lina brashi ya kuzuia upepo, na nyuma ya brashi huenda yuko mbwa. Ndiyo maana wapiga kampeni wazoefu hutembea na mwiko wa jikoni. Kipeperushi hukunjwa, kikasukumwa kwa mwiko hadi kidondoke upande wa pili, vidole vikabaki salama. Hakuna malori yenye spika, hakuna fulana za bure, hakuna msanii jukwaani. Uchaguzi wa madiwani katika manispaa ya London ni mwiko, viatu imara na mvua ya Aprili.

Kupitia matundu hayo ndipo habari moja ilipopenya Barking na Dagenham, manispaa ya mashariki mwa London, kabla ya uchaguzi wa tarehe 4 Mei 2006. British National Party, chama cha mrengo mkali wa kulia kinachojulikana kwa kifupi kama BNP, kilidai kwamba Waafrika wanapewa hadi pauni 50,000 ili waje kununua nyumba katika eneo hilo. Mpango ulipewa hata jina: “Waafrika kwa Essex”, Essex ikiwa ndiyo kaunti iliyokuwa na Barking kabla London haijaimeza mwaka 1965.

Mpango huo haukuwapo. Haukuwapo kwenye bajeti, haukuwapo kwenye kumbukumbu za kikao chochote. Hata hivyo uliaminiwa, na aliyetaka kujua kwa nini uliaminiwa alipaswa kuanza na nyumba zenyewe.

Kuanzia mwaka 1921 hadi katikati ya miaka ya 1930, baraza la kaunti ya London lilijenga hapo mtaa wa Becontree: nyumba zaidi ya 25,000 za matofali, zenye bomba ndani na bustani nje, kwa ajili ya familia za wafanyakazi waliokuwa wakibanana kwenye vyumba vya East End ya London. Mwaka 1931 kiwanda cha Ford kikafunguliwa Dagenham, kando ya mto Thames, na kufikia mwaka 1953 kilikuwa na wafanyakazi wapatao 40,000. Maisha yakajipanga yenyewe. Baba yuko Ford, nyumba ni ya halmashauri, na mtoto akioa anaandikishwa kwenye foleni ya nyumba mtaa huohuo, karibu na mama yake. Hapo Ford ndipo wanawake washonaji wa viti vya magari walipogoma mwaka 1968, mgomo uliochangia kuzaliwa kwa Sheria ya Malipo Sawa ya 1970.

Nguzo zote mbili ziling’oka. Sheria ya nyumba ya mwaka 1980, ya serikali ya Margaret Thatcher, iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba zao kwa punguzo kubwa, huku halmashauri zikibanwa zisitumie fedha hizo kujenga nyingine za kutosha. Kisha Februari 2002 gari la mwisho, Ford Fiesta, likatoka Dagenham. Tangu hapo hayakuundwa tena magari kamili hapo.

Mfikirie bibi aliyezaliwa Becontree, ambaye mjukuu wake anasubiri nyumba miaka nenda miaka rudi. Asubuhi moja anachungulia dirishani na kuona familia ya Kiafrika ikishusha magodoro nyumba ya pili. Kwake hiyo ni “nyumba ya halmashauri”, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa alipokuwa msichana. Hana habari kwamba mpangaji wa zamani aliinunua, akaiuza, na mnunuzi naye akaipangisha; hana habari kwamba jirani mpya analipa kodi ya bei ya soko kwa mtu anayeishi kwingine kabisa. Bei za Barking zilikuwa nafuu kuliko za sehemu nyingi za London, na watu huhamia penye unafuu. Sensa ya 2001 ilikuta Waingereza weupe ni karibu asilimia 81 ya wakazi. Ile ya 2011 ikakuta hawafiki nusu.

Kwa hiyo bibi huyu anaona kwa macho yake jambo la kweli, foleni isiyosogea, na anapewa maelezo ya uongo. Wa kumpa maelezo ya kweli alikuwa wapi?

Alikuwa amelala. Chama cha Labour kilikuwa kimeishika halmashauri hiyo kwa miaka 40 na zaidi, na kiti cha kurithiana hakina haja ya kubisha hodi kwa mtu. Kwa kawaida kampeni ya udiwani Uingereza ni kazi ya daftari: watu wa chama hupita nyumba kwa nyumba, huuliza, huandika nani yuko nasi, nani hayuko, nani anayumba. Siku ya kura wenzao husimama nje ya kituo wakiwa na ua la utepe kifuani, wakiomba namba za waliokwisha kupiga kura, na jioni ikiingia huwafuata nyumbani wale ambao namba zao hazijaonekana. Daftari likikaa miaka bila kuguswa, mashine nzima inasimama.

Margaret Hodge, mbunge wa Barking, alisema hadharani Aprili 2006 kwamba familia nane kati ya kumi za weupe anaokutana nao zinamwambia zimeshawishika kuipigia kura BNP. Wenzake chamani walimjia juu wakisema amempigia adui debe. Huenda kweli. Lakini moshi ulikuwa umeanza kufuka siku nyingi kabla hajasema kuna moto.

BNP ilisimamisha wagombea 13 tu katika manispaa yenye viti 51. Vumbi lilipotulia ilikuwa na madiwani 12. Chama hicho hakijawahi kuwa na kundi kubwa kuliko hilo katika halmashauri yoyote, na ghafla kikawa ndicho chama kikuu cha upinzani, chini ya kiongozi wa madiwani hao, Richard Barnbrook, ambaye miaka miwili baadaye aliingia hata katika Bunge la London.

Ni vizuri kukumbuka ni kazi gani hiyo waliyoipata. Diwani wa London hapangi nani aingie nchini wala hasaini viza. Anapiga kura juu ya mapipa ya taka, maktaba, malezi ya wazee, vibali vya ujenzi, matengenezo ya nyumba za halmashauri, na kodi ya halmashauri ambayo mpaka leo hukadiriwa kwa thamani ya nyumba kama ilivyokuwa mwaka 1991. Waliochagua madiwani hao kwa sababu ya wageni walikuwa wamewatuma kwenye ofisi isiyohusika na wageni. Kero ya nyumba ilikuwa halali ya baraza hilo kabisa, lakini foleni haikufupika.

Miaka minne ikapita, na safari hii BNP ikaja na uzito wote. Kiongozi wake wa taifa, Nick Griffin, alisimama mwenyewe kugombea ubunge Barking dhidi ya Hodge, kwa kuwa uchaguzi wa madiwani wa tarehe 6 Mei 2010 uliangukia siku moja na uchaguzi mkuu. Wapo waliodhani chama hicho kingeichukua halmashauri nzima.

Hodge alikuwa ameanza mapema. Aliwaandikia wakazi barua za kuwaalika kahawa, mtaa kwa mtaa, na mazungumzo yakaanzia kwenye kero ndogo alizoweza kuzifuatilia: taa za barabarani, takataka, basi lisilosimama. Mada ya rangi na wageni hakuianzisha yeye. Mwanamke huyo mwenyewe alizaliwa Misri, katika familia ya wakimbizi wa Kiyahudi. Ukipenda utani, basi BNP ilikuwa ikishindana na mzaliwa wa Afrika. Nao wanaharakati wa HOPE not hate, kundi la kupinga ubaguzi, walileta mamia ya watu wa kujitolea, wakagawana mitaa na kupanga vipeperushi kulingana na nani anakaa nyumba ipi: wanawake hiki, wazee kile, wakazi wapya kingine. Mwimbaji Billy Bragg, mtoto wa Barking, naye alirudi nyumbani kupiga kampeni. Siku moja kabla ya kura, diwani mmoja wa BNP akanaswa na kamera akipigana na vijana wa Kiasia barabarani. Hilo halikuhitaji kipeperushi.

Hodge alipata kura 24,628. Griffin aliambulia 6,620 na kushika nafasi ya tatu, nyuma ya mgombea wa chama cha Conservative. Katika baraza, BNP ilipoteza viti vyote 12. Labour ilichukua 51 kati ya 51.

Simulizi tamu la ushindi huu husema hodi ndizo zilizoshinda. Ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kalenda: uchaguzi mkuu hutoa nyumbani watu ambao uchaguzi wa madiwani peke yake huwaacha kwenye makochi yao, na chama kidogo chenye wafuasi wenye hasira hunufaika pale tu wengine wasipojisumbua. Kisha kuna hesabu yenyewe. Kata za Barking na Dagenham zilikuwa 17, kila moja na madiwani watatu. Mpiga kura huweka alama ya X mbele ya majina yasiyozidi matatu, na watatu wenye kura nyingi ndio washindi. Anayefuata, hata awe na theluthi ya kura zote, hurudi nyumbani mikono mitupu. Mfumo ulioibeba BNP mwaka 2006 ndio uliofuta kila mpinzani mwaka 2010.

Na ukaendelea kufuta. Labour ilipata 51 kati ya 51 tena mwaka 2014, tena 2018, tena 2022. Baraza ambamo hakuna hata mtu mmoja wa kuuliza swali kutoka upande wa pili ni baraza lenye raha sana, na raha ya namna hiyo ndiyo iliyolifanya daftari lishike vumbi mara ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa vipeperushi vya pauni 50,000 hawakulitia maanani. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali ana haki ya kupiga kura, ya udiwani na hata ya ubunge, bila kungoja uraia wa Uingereza. Mkenya, Mtanzania na Mganda wamo, na Mnyarwanda tangu nchi yake ijiunge mwaka 2009. Mkongo wa Kinshasa na Mrundi hawamo mpaka wapate uraia. Waliosemwa kwenye kipeperushi walikuwa, wengi wao, wapiga kura. Mwaka 2014 mkufu wa meya wa Barking na Dagenham, cheo cha heshima cha mwaka mmoja, ulivaliwa na diwani Elizabeth Kangethe, mzaliwa wa Kenya.

Tangu Mei 2023 anayekwenda kupiga kura England sharti aonyeshe kitambulisho chenye picha. Kabla ya hapo alitaja tu jina na anwani. Pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubalika, hata kama muda wake umekwisha, mradi picha bado inafanana na mwenyewe. Kwa hiyo kituoni, Alhamisi ya kura, kati ya saa 1 asubuhi na saa 4 usiku, pasipoti ya Kenya iliyochakaa pembe huwekwa juu ya meza. Karani huitazama picha, huutazama uso, kisha huchana karatasi ya kura na kuelekeza kwa kidole kwenye kibanda cha mbao, ambako penseli inaning’inia kwa uzi.