Tamko, Agizo na Amri: Neno la Rais na Riziki ya Mtito Andei

Katika mazungumzo ya kila siku, maneno tamko, agizo na amri hutumiwa kana kwamba ni visawe. Husemwa kuwa "Rais ameamuru" hata pale alipozungumza tu jukwaani. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba tofauti ya maneno haya si suala la msamiati pekee, bali hugusa riziki za watu.

Kifungu cha 135 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 chataka uamuzi wa Rais katika kutekeleza majukumu yake ya kikatiba uwe wa maandishi, wenye muhuri na sahihi yake. Basi lisemwalo kando ya barabara ni tamko. Likiandikwa na kutiwa sahihi huwa agizo. Hata hivyo, agizo nalo halijitoshelezi. Mkuu wa shirika la umma hupata mamlaka yake kutokana na sheria, na Rais hawezi kumpa asichopewa na sheria. Mwaka 1952, Rais Truman wa Marekani alimwagiza Waziri wa Biashara, Charles Sawyer, atwae viwanda vya chuma. Mahakama ya Juu ilibatilisha agizo hilo kwa kukosa msingi wa kisheria. Kwa maoni yetu, neno amri lifaa litengewe agizo lenye msingi huo.

Tutazame sasa Makueni. Miji ya Mtito Andei, Kibwezi na Emali imo katika barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, na Kibwezi ndiko inakofikia barabara itokayo Kitui kupitia Mutomo. Mpishi, fundi wa magurudumu na mwenye nyumba ya wageni katika miji hiyo humtegemea dereva wa lori.

Reli mpya ilianza kubeba mizigo mwaka 2018. Agosti 2019, Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Mapato zilitoa ilani kwamba shehena zote za kutoka nje ziendazo Nairobi na bara zisafirishwe kwa reli. Mwaka uliofuata, Agizo la Rais Nambari 5 la 2020 liliyaweka mashirika ya bandari, reli na bomba la mafuta chini ya uratibu wa Shirika la Maendeleo ya Viwanda na Biashara (ICDC). Novemba 2020, Mahakama Kuu mjini Mombasa iliamua kuwa maagizo ya kulazimisha mizigo ipitie relini yalikiuka Katiba, kwani umma haukushirikishwa. Swali halikuwa iwapo reli ni njema au mbaya, bali ni nani aliyesikilizwa kabla ya agizo kutolewa.

Mnamo Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza kwamba angetoa maagizo ili shughuli za kutoa mizigo zirejeshwe bandarini Mombasa. Wengi walishangilia. Lakini msomi wa lugha hana budi kujiuliza: je, lile lilikuwa tamko, agizo au amri? Kilichorudishwa kwa tamko chaweza kuondolewa kwa tamko jingine. Mpishi wa Mtito Andei ana haki ya kinga iliyo imara zaidi, nayo ni sheria iliyoandikwa baada ya yeye pia kusikilizwa. Wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili ni kuliita kila jambo kwa jina lake.