Nyimbo bila daftari hupotea bila habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu kanda za muziki zinazoharibika majumbani mwetu.

Marehemu baba yangu alituachia kanda 22 za dakika 60. Katika miaka ya 1980 alikuwa akikaa kando ya redio na kurekodi nyimbo za JUWATA, Mlimani Park na bendi nyinginezo zilizopigwa na Redio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka jana, nilipoona zimeanza kuota ukungu, nilizipeleka kwa kijana mmoja mwenye kompyuta azihamishie kwenye flashi.

Kazi aliifanya haraka. Lakini nilipofungua nilikuta "Wimbo 1", "Wimbo 2", hadi mwisho. Sauti ya mtangazaji aliyekuwa akitaja bendi, mtunzi na mwimbaji ameikata, akidai kuwa ni kelele. Makasha ambayo baba aliyaandika kwa mkono wake ameyatupa. Mama alisikiliza akatambua nyimbo chache tu.

Kwa bahati kanda zenyewe zilirudi, nikaanza upya mwenyewe, ingawa 3 zilikuwa zimekwisha katika. Ningependa wasomaji wenzangu wasirudie kosa langu.

Kwanza, kanda ya saa moja huhamishwa kwa saa moja. Anayekuahidi 10 kwa siku kwa mashine moja yafaa umwulize maswali. Pili, usikate kitu. Hifadhi sauti yote bila kuibana. Saa moja huchukua kama megabaiti 635, hivyo kanda 22 hazizidi gigabaiti 14. Hiyo ndiyo nakala mama. Kutokana nayo toa nakala ndogo za MP3 za kusikiliza kwenye simu, redio ya flashi au gari. Zote hazifiki gigabaiti 2.

Tatu, kila wimbo upewe jina kwa mpango mmoja: bendi, wimbo, mwaka. Usichokijua kiandikie "haijulikani", usibuni. Nne, nakala mama ziwe mahali pawili au patatu, na moja ikae nyumba nyingine. Flashi hufa bila kuaga.

Ndugu Mhariri, jambo hili si la familia yangu tu. Kwa miaka mingi bendi zetu zilirekodi katika studio za Redio Tanzania, na nyimbo nyingi hazikupata kutolewa kwenye sahani za santuri. Kanda hizo leo ziko chini ya Shirika la Utangazaji Tanzania. Lakini yawezekana kabisa kipindi fulani kimebaki katika kanda ya mzee mmoja tu, huko Bunju au Mbagala.

Kwa hiyo nawaomba wahusika wa utamaduni watueleze: mwananchi mwenye kanda kama hizi azipeleke wapi zikahifadhiwe na kuorodheshwa? Nao vijana wa kompyuta wakumbuke kuwa kunakili na kuuza nyimbo za watu bila ruhusa ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wazee wanaojua majina ya waimbaji hao wanapungua kila mwaka. Tukawaulize sasa, kalamu mkononi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Bunju, Dar es Salaam.