Ordinatere ikiplante: mafishie kwanza, kufomate baadaye

Umeme ulikatika Kadutu, mjini Bukavu, wakati mama mmoja alikuwa anaingiza hesabu za AVEC yao, chama cha akina mama cha kuweka akiba na kukopeshana. Uliporudi, ordinatere ya nyumbani haikufunguka tena. Ilionyesha kioo cha bulu, ikajizima, ikajiwasha, ikajizima. Ndani mulikuwa hisa za kila mwanachama, madeni ya miezi tisa, na picha za matanga ya baba yake. Kesho yake fundi wa mtaani akamuambia neno ambalo watu wengi wameshazoea: «Mama, hakuna shida. Tunafomate tu, itapona.»

Ni kweli, mashini ingepona. Hesabu zisingepona.

Watu wanachanganya vitu viwili: Windows kuharibika, na mafishie kupotea. Disiki ni kama depo yenye rejista mlangoni. Umeme ukikatika wakati mashini inaandika, mara nyingi kinachoharibika ni rejista ile, ama vipande vya Windows yenyewe. Mizigo bado iko ndani. Kufomate kwa haraka ni kutupa rejista ya zamani na kufungua mpya; mizigo haijatoka, lakini hakuna anayejua iko wapi. Kisha Windows mpya inamwagwa juu yake, zaidi ya giga 20, na kile kilichofunikwa hakuna programu itakirudisha. Kwenye disiki za kisasa za SSD ni mbaya zaidi, sababu disiki yenyewe inaanza kusafisha nafasi iliyoambiwa kwamba ni tupu, pengine ndani ya dakika chache.

Kwa hiyo mbele ya kuuliza ni Windows gani itawekwa, disiki isikilizwe. Ikiwa ni ile ya zamani inayozunguka, na inapiga tak-tak-tak, mashini izimwe palepale. Kitu cha ndani kimevunjika, na kila dakika ya kuendelea inazidi kuikwaruza. Kuiweka kwenye friji, kama wengine wanavyoshauri, hakusaidii. Kuifungua nyumbani ni kuimaliza. Kazi hiyo inafanyiwa mahali pasipo vumbi hata kidogo, ni ghali, na mwenye disiki ndiye atakayepima kama kilicho ndani kina bei hiyo.

Disiki ikiwa kimya, kuna njia ya bei ndogo. Kwenye ordinatere ya jirani, flashi ya giga 8 ama zaidi inatengenezwa kuwa ya kuwashia Ubuntu, ambayo ni ya bure. Mashini mgonjwa inawashwa kwa flashi hiyo (kwa mashini mingi ni kubonyeza F12, F9 ama Esc mara tu inapowaka), na panapoulizwa mtu anachagua kujaribu, hachagui kuinstale. Hapo Linux inafanya kazi toka kwenye flashi bila kugusa Windows. Disiki ya ndani inaonekana kama kabati ya kawaida. Hata kama Windows ilikuwa ya Kifaransa, huku majina yanatokea kwa Kiingereza: Users, kisha jina la mwenye mashini, kisha Desktop, Documents, Pictures. Yote yanakopiwa kwenye disiki ya nje. Wakati mwingine Linux itakataa kuandika kwenye disiki ile na itakubali kusoma tu. Hilo si tatizo, kusoma ndiko kunakotakiwa.

Disiki ikiomba namba ya tarakimu 48, ina kufuli ya BitLocker. Namba hiyo mara nyingi imehifadhiwa kwenye konti ya Microsoft ya mwenye mashini, na bila hiyo hakuna mlango.

Na kama fundi ameshafomate? Asiinstale kitu chochote tena. TestDisk na PhotoRec, programu za bure za Mfaransa Christophe Grenier, zinaweza kuchimbua. Kile kinachopatikana kiwekwe kwenye disiki ingine, kamwe si ile ile. PhotoRec inarudisha picha na maandishi bila majina yake, kwa hiyo mtu anakaa siku mbili akifungua moja moja: hii ni ubatizo, hii ni fakitire.

Kuinstale, kusema kweli, ndiyo sehemu rahisi. Inayokula ni mega, basi kila kitu kidawnlodiwe mbele, pamoja na draiva ya Wi-Fi. Ikikosekana, telefone ikiunganishwa kwa kamba ya USB inaweza kuleta intaneti. Windows 10 iliacha kupewa matengenezo ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0 ambayo mashini mingi za okazio hazina. Kwa hizo, Linux pamoja na LibreOffice inatosha kwa barua na hesabu. Windows ya kuvunjwa kufuli inayopita toka flashi hadi flashi ndiyo inayoleta virisi kwa nyumba nyingi.

Mama wa Kadutu alimuomba fundi aketi naye mpaka mafishie yatoke, akayafungua kwanza kwenye mashini ya binti yake, ndipo akakubali ifomatiwe. Picha zote zilikuwako. Fishie ya hesabu ilifunguka, lakini mistari ya jioni ile haikuwemo. Ilijazwa upya Jumamosi, toka kwenye vijitabu vya wanachama. Sasa nakala iko kwenye flashi, ndani ya kasha la AVEC, lile lenye kufuli tatu na funguo kwa mama watatu.