Nani Anayeulizwa? Chanjo na Watu Wenye Ulemavu wa Akili Kando ya Ziwa Viktoria

Kitenzi chanja ni kikongwe kuliko sindano. Kuchanja ni kuikata ngozi na kutia dawa penye chale. Kuni nazo huchanjwa kwa shoka. Nomino chanjo basi hubeba kinga na jeraha kwa pamoja. Makala haya yanaeleza jinsi maana hizo zinavyogongana pale anayechanjwa anapokuwa na ulemavu wa akili, kwa kurejelea Kisumu na kaunti jirani.

Eneo hili lina uzoefu mkubwa wa chanjo. Kombewa, katika Kaunti ya Kisumu, na Siaya zilikuwa miongoni mwa vituo vya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yaliyoanza mwaka 2009. Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo hiyo ilizinduliwa nchini Kenya katika Kaunti ya Homa Bay, dozi 4 zikipangwa kutolewa katika miezi 6, 7, 9 na 24 ya umri wa mtoto. Mnamo Machi 2021 ikafuata chanjo ya korona, iliyoanza kwa watu wazima.

Wasiwasi wa walezi haupaswi kuitwa ujinga. Mlezi ambaye mtoto wake alishikwa na degedege, kisha akachelewa kusema, hutafuta sababu. Ikiwa mtoto alidungwa sindano siku za karibu, sindano hushukiwa, ilhali malaria kali yenyewe yaweza kuudhuru ubongo na kuacha ulemavu wa kudumu. Hofu ya aina hii huhitaji maelezo, wala haiondolewi kwa kukemea. Wapo pia wanaodhani kwamba mtu asiyetoka nyumbani hahitaji kinga. Hata hivyo, ugonjwa huletwa na wanaotoka, na tafiti za Uingereza na Marekani zilionyesha kuwa watu wenye ulemavu wa akili walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa korona.

Je, mwenyewe ana mtazamo gani? Mara nyingi haijulikani, kwa sababu haulizwi. Mtu mzima huketi mbele ya mhudumu, na swali humpita kichwani likamfikia mlezi: “Ameshachanjwa?” Kiambishi u- cha nafsi ya pili kimeachwa, kikatumika a- cha nafsi ya tatu. Kwa badiliko hilo dogo la kisarufi, msemeshwaji amegeuzwa kuwa msemwa. Majina kama punguani na zezeta hufanya kazi iyo hiyo, kwani humtangaza mtu kuwa hana la kujibu kabla hajaulizwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kutajwa kwa namna isiyomdunisha.

Kuuliza hudai lugha inayoeleweka. Sentensi “Chanjo hii huimarisha kinga ya mwili dhidi ya virusi” ni sahihi, lakini ni nzito. Yafuatayo ni mepesi zaidi: “Hii ni sindano. Itauma kidogo, kisha maumivu yataisha. Inakukinga usiugue sana. Unakubali?” Palipo na haja, yasemwe kwa Kidholuo na kuonyeshwa kwa picha. Anayeuvuta mkono wake naye amejibu. Jibu lake ni sababu ya kungoja na kueleza upya, si ya kumshika kwa nguvu.

Haina maana kwamba mlezi asisikilizwe. Yeye ndiye ajuaye ishara za mtu wake, na wapo wasioweza kuamua bila msaada wake. Lakini kusaidia kuamua si kuamua badala ya mtu. Ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili kuandaa matangazo ya afya kwa lugha nyepesi, wakianza na swali lililoelekezwa kwa mwenye mkono utakaodungwa.